Benny Lynch na raundi za baa

Kila mtaa wa uswahilini una mtu wake. Sisemi diwani wala mwenye nyumba nyingi. Nasema yule ambaye akipita watoto wanamkimbilia, muuza chipsi anamwongezea kachumbari bila kuombwa, na akiingia baa bili yake inalipwa kabla hajavuta kiti. Mara nyingi huyo ni mtu wa mpira au wa ngumi. Gorbals, mtaa wa wafanyakazi kusini mwa mto Clyde, katika jiji la Glasgow kule Uskoti, mtu wao aliitwa Benny Lynch. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa fly, akafa mwaka 1946 akiwa na miaka 33 tu.

Nilimkuta YouTube. Nilikuwa natafuta pambano la mtu mwingine kabisa, boom lilikuwa limeshakata, na usiku wa namna hiyo mtu unaangalia chochote kinacholetwa mbele yako. Ikaja filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, uwanja umejaa wanaume wenye kofia, na katikati ya ulingo vijana wawili wadogo kama wa fomu two wanapigana kwa kasi ambayo sijawahi kuiona hata kwenye mapambano ya siku hizi. Mmoja alikuwa anasogea kwa hatua fupi fupi, mikono iko chini kidogo, halafu ghafla anaingia ndani na ngumi mbili za tumboni na moja ya juu. Nikarudia. Nikarudia tena. Kufika asubuhi nilikuwa naijua Glasgow kuliko kozi niliyokuwa na test nayo.

Mtaa wenyewe kwanza, maana bila mtaa Benny haeleweki. Gorbals ya miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa majengo ya mawe ya ghorofa tatu au nne, yamebanana, meusi kwa moshi wa makaa. Familia nzima ilikaa chumba kimoja au viwili. Choo kilikuwa kwenye ngazi, cha kuchangia. Kama umewahi kupanga nyumba ya vyumba kumi pale Manzese au Tandale huhitaji maelezo zaidi. Wakazi walikuwa mchanganyiko: Waskoti waliotoka milimani, Wayahudi waliokimbia Ulaya ya Mashariki, Waitaliano, na Waairishi wengi sana. Benny alitoka kwenye ukoo wa hawa wa mwisho. Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1913, na mtaa wake uliitwa Florence Street.

Jiji liliishi kwa meli. Ukitengeneza meli una mshahara, meli zikikosekana huna. Mdororo wa uchumi ulipokuja, Desemba 1931 kazi ilisimama hata kwenye ile meli kubwa iliyokuja kuitwa Queen Mary. Mwili wake wa chuma ulikaa hapo Clydebank haujakamilika, watu wakiupita kila siku, mpaka Aprili 1934 kazi ilipoanza tena. Sasa chukua vijana wote hao wasio na kazi, wasio na nafasi ya kukaa nyumbani kwa sababu nyumba ni chumba kimoja chenye watu wanane. Watakaa wapi? Watakaa kona ya mtaa. Na kona ya mtaa ikishakuwa na watu kila siku inapata jina, na ikipata jina inapata maadui.

Magenge ya Glasgow yalikuwa maarufu kwa nyembe. Sio visu, nyembe, zile za kunyolea ndevu, na makovu ya usoni yalikuwa kitu cha kawaida mtaani. Mwaka 1931 jiji lilimleta mkuu mpya wa polisi, Percy Sillitoe, kuja kuyavunja. Huyu bwana tuna uhusiano naye kidogo. Alipigana huku kwetu kwenye vita vya kwanza vya dunia, na Waingereza walipoichukua Tanganyika toka kwa Wajerumani alibaki kama afisa wa utawala. Yaani alitoka kutawala babu zetu akaenda kutawala vijana wa kona za Glasgow. Yeye ndiye aliyeanzisha ule mkanda wa drafti nyeusi na nyeupe kwenye kofia za polisi ambao leo unauona nchi nyingi duniani. Nimeliweka hili hapa kwa sababu liliponishangaza nilimtumia ujumbe kila mtu wa chumbani kwetu na hakuna aliyejibu.

Basi usiku wa Jumamosi ndio ulikuwa usiku. Mshahara umetoka kwa wenye nao, wasio nao wanategemea wenye nao. Dansi zilikuwa nyingi kupita kiasi, Glasgow ilisifika kama jiji la watu wanaopenda kucheza muziki, na mwaka 1934 ukafunguliwa ukumbi wa Barrowland ambao jina lake bado lipo hadi leo. Wanaume walikuwa wanaanzia baa. Kinywaji cha kawaida kilikuwa viwili kwa pamoja: whisky kwenye glasi ndogo, na pembeni yake nusu paini ya bia ya kusukumia. Jumapili baa zilifungwa kwa sheria, isipokuwa hoteli ziliruhusiwa kumhudumia msafiri wa kweli, kwa hiyo Jumapili ghafla nusu ya jiji linakuwa wasafiri wa kweli. Wanapanda basi, wanaenda mji wa jirani, wanaandika jina kwenye daftari la hoteli, wanakunywa. Na wale wa hali ya chini kabisa walikuwa na Red Biddy, mvinyo mwekundu wa bei rahisi uliochanganywa na spiriti. Gongo yao hiyo.

Halafu kuna utaratibu wa raundi. Mkiwa watano, kila mmoja lazima azungushe. Ukikataa kinywaji cha mwenzako umemdharau, na ukinywa bila kuzungusha wewe umejidharau mwenyewe. Sheria hii haikuandikwa popote na kila mtu aliifuata. Hapa kwetu tuna ofa, na ofa ina adabu zake, lakini nadhani ya kwao ilibana zaidi, maana fedha zilikuwa chache na heshima ndiyo mali pekee ambayo mtu alikuwa nayo ya kugawa.

Kijana mdogo wa kimo na wa mwili, Benny alianza ngumi kama wengi wa pale, kwenye vilabu vya vijana na kwenye mahema ya ngumi yaliyofuatana na maonyesho ya michezo na bembea. Hema la ngumi lilifanya kazi hivi: mwenye hema anasimama jukwaani na mabondia wake, anaita mtu yeyote kwenye umati apande kupigana nao, akimaliza raundi kadhaa akiwa wima anapewa fedha kidogo. Bondia wa hema anapigana mara kadhaa kwa siku moja, na watu wa kila aina: mlevi, askari, mchimba makaa mwenye kilo thelathini zaidi yake. Hakuna shule kali kama hiyo. Ndio maana ukiangalia filamu zake unaona mtu ambaye hapotezi hatua. Anajua kupumzika katikati ya pambano, anajua kumsukumia mwenzake kamba, anajua ngumi ipi ya kukwepa na ipi ya kuiacha ipite begani.

Aliyemtengeneza alikuwa Sammy Wilson, mwenye gym palepale Gorbals. Aliingia ngumi za kulipwa mwaka 1931 akiwa na miaka 18, na katika maisha yake alipigana zaidi ya mara mia moja. Uzito wake ulikuwa fly, ambao mwisho wake ni kilo 50.8. Naomba uikumbuke namba hii, itarudi.

Bingwa wa dunia wakati huo alikuwa Jackie Brown wa Manchester. Machi 1935 walikutana Glasgow wakatoka sare, mkanda haukuwa umewekwa mezani. Tarehe 9 Septemba mwaka huohuo Benny akamfuata kwao Manchester, ukumbi wa Belle Vue, safari hii kwa mkanda. Haikufika dakika tano. Brown alianguka, akanyanyuka, akaanguka, akanyanyuka, mpaka raundi ya pili mwamuzi akasimamisha. Kijana wa miaka 22 wa Florence Street akawa bingwa wa dunia.

Aliporudi, umati ulimpokea kituo cha treni cha kati na kumsindikiza hadi ng'ambo ya mto. Makumi ya maelfu ya watu barabarani. Uskoti haikuwahi kuwa na bingwa wa dunia wa ngumi asiye na ubishi kabla yake, na huyu hakutoka kwenye nyumba ya bustani, alitoka kwenye chumba chenye choo cha ngazini. Mimi nasoma ualimu, na kwenye kozi ya saikolojia tunafundishwa sana habari za mtoto kuona mfano wa mtu wa kwake aliyefanikiwa. Kwa Gorbals ya 1935, iliyojaa baba wasio na kazi, sidhani kama kuna darasa lolote lingeweza kufanya alichofanya yule kijana kwa dakika tano.

Na usiku ule watu walitaka kumnunulia.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Ukisoma habari za Benny Lynch nyingi zinasema alikuwa mlevi, basi. Aliharibu kipaji chake, akafa, fundisho. Imeandikwa kama vile pombe ilimkuta peke yake chumbani. Lakini chukua hesabu ndogo. Mtaa una maelfu ya wanaume. Kila mmoja anataka kuja kusema kesho kazini, au kwenye foleni ya wasio na kazi, kwamba jana alikunywa na bingwa. Kila mmoja ana raundi yake moja tu, ya heshima, ya upendo kabisa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaka kumdhuru. Na bingwa, ambaye amelelewa kwenye utaratibu uleule kwamba kukataa ni dharau, anakuwa mdeni wa watu wote kwa wakati mmoja. Akikataa, ameanza kujiona. Ameshapata hela, ametusahau. Nadhani hakuna maneno ambayo mtoto wa mtaani anayaogopa kuliko hayo, hata akiwa na mkanda wa dunia kiunoni.

Baba yangu aliwahi kukaa mlangoni kwenye ukumbi wa baa mmoja Manzese, miaka ya tisini mwanzoni, kazi yake kukata tiketi siku za ngumi. Mpaka leo akianza kusimulia huwezi kumnyamazisha. Ulingo ulifungwa kwa kamba za katani katikati ya meza. Bendi ilipiga kabla na baada. Pambano likiisha vibaya mashabiki waliendeleza wenyewe, viti vikaruka, na mwenye baa alizima jenereta ili watu watoke. Anasimulia huku anacheka, na ukimsikiliza utadhani hakuna raha iliyobaki duniani baada ya ule ukumbi kugeuzwa godauni. Kulikuwa na bondia mmoja wa mtaani, simtaji kwa sababu wanae wapo, ambaye baba anasema alikuwa na mkono wa kushoto ambao hajaona mfano wake tena. Kila hadithi ya huyo bondia inaishia kwenye kaunta. Alipiga mtu raundi ya tatu, halafu tukamnunulia. Alipiga wa Temeke, halafu tukamnunulia. Siku moja nilimuuliza baba huyo mtu aliishia wapi. Akanyamaza, akasema alikufa, ini, halafu akarudi kwenye ule mkono wa kushoto.

Simlaumu baba. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Ila tangu siku hiyo kumbukumbu hizi tamu za zamani nazisikiliza kwa sikio tofauti, na nilipofika kwa Benny sikuweza kusoma bila kumuona yule mtu wa Manzese.

Pia naona hapa hapa chuoni. Tunaye winga mmoja wa kitivo, wote tunamjua, siku ya fainali alifunga mawili. Wiki nzima ile kijana hakulipa hata soda. Sijui alilala saa ngapi. Mechi iliyofuata alitolewa dakika ya ishirini akihema, na waliompigia kelele za kumzomea ni walewale walioshikilia glasi yake.

Turudi Glasgow. Ukweli ni kwamba kwa muda fulani Benny aliyaweza yote mawili, na hii ndiyo inayouma. Mwanzoni mwa 1937, tarehe 19 Januari, alipigana Wembley na Small Montana, Mfilipino aliyekuwa akitambuliwa Marekani kama bingwa. Raundi 15, ngumi za akili tupu, Benny akashinda kwa pointi, na sasa hakukuwa na mtu duniani wa kubisha. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo ikaja ile ya filamu yangu: Benny na Peter Kane, uwanja wa Shawfield, Glasgow, mbele ya watu takriban 40,000. Kane alikuwa kijana wa miaka 19, mhunzi kutoka Golborne, Uingereza, hajawahi kupoteza pambano hata moja. Alikuwa na macho makubwa na ngumi nzito isiyolingana na uzito wake. Kila mtu wa kusini aliamini zamu yake imefika.

Kengele ya kwanza tu ikagonga, Benny akamwangusha. Kane akanyanyuka, na kwa raundi kumi na mbili zilizofuata wakapigana kama vile muda unaisha. Katikati Kane alirudi vizuri sana, kuna raundi ukiziangalia utasema bingwa amechoka. Halafu raundi ya 12 Benny akaongeza gia, kwa kweli sina neno lingine, na ya 13 akammaliza. Waliokuwa uwanjani walisimulia usiku ule mpaka uzeeni. Wenye kuandika ngumi wanaliweka miongoni mwa mapambano makubwa kabisa ya uzito huo, na mimi niliyeliona kwenye simu yenye kioo kilichopasuka sina ubishi.

Alikuwa na miaka 24. Na huo ndio ulikuwa mwisho wake wa juu.

Sammy Wilson alikuwa ameshaachana naye zamani, mara baada ya ubingwa, akawa na wasimamizi wengine. Aliyemjua tangu utoto, mwenye ubavu wa kumwambia hapana, akawa hayupo. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na nyumbani nako kukaharibika. Mwili nao ukaanza kudai. Bondia wa fly anaishi na mizani kama mgonjwa wa sukari anavyoishi na kipimo. Pombe inaongeza uzito, kwa hiyo kabla ya pambano lazima ujikaushe: unakimbia na masweta matano, huli, hunywi hata maji, unakaa kwenye mvuke. Ukimaliza pambano una kiu ya wiki tatu. Na nje ya mlango wako wapo watu wanaokupenda wenye glasi mkononi.

Machi 1938 alirudiana na Kane, uwanja wa Anfield, Liverpool. Sare. Lakini mkanda haukuhusika, kwa sababu Benny alishindwa kufika kwenye uzito. Watu wakasema bahati mbaya. Tarehe 29 Juni alitakiwa kuutetea ubingwa wake Paisley, pembeni ya Glasgow, dhidi ya Mmarekani Jackie Jurich. Kumbuka kilo 50.8. Alipopanda mizani alikuwa amezidi karibu kilo tatu. Sio gramu, za kwenda kukimbia saa moja ukarudi. Kilo tatu. Mizani haijui kwamba wewe ni mtoto wa nyumbani. Ubingwa wa dunia ukaondoka pale pale, amevaa nguo za ndani, mbele ya maafisa na waandishi, bila ngumi moja kurushwa.

Halafu jioni akapanda ulingoni na kumpiga Jurich kwa nokauti raundi ya 12. Sijawahi kujua nihisi nini kuhusu hilo. Alikuwa bora kuliko mpinzani wake na hakuwa bingwa tena. Miezi michache baadaye mkanda ulioachwa wazi ulichukuliwa na Peter Kane, kwa kumshinda Jurich huyo huyo.

Marafiki walijaribu. Alipelekwa Ireland kwenye monasteri ya Mount Melleray, kwa watawa wanaoamka usiku wa manane kusali na wanaoongea kidogo sana, ili akae mbali na kaunta. Mara nyingi nafikiria hilo tukio. Mtu aliyezoea kelele za watu 40,000, yuko kwenye ukimya wa milima ya Waterford, anakimbia asubuhi peke yake, analala mapema. Inawezekana zilikuwa siku nzuri. Lakini lazima arudi, na anarudi wapi? Gorbals. Florence Street haikuwa imehama. Zile kona, zile baa, wale watu wenye mapenzi yao, vyote vilikuwa palepale vinamsubiri, na wakati huu pengine walikuwa wanamnunulia kwa kumuonea huruma.

Oktoba 1938, London, Mromania Aurel Toma alimwangusha raundi ya tano akahesabiwa mpaka kumi. Katika mapambano yote yale, na mahema yote yale, ilikuwa mara ya kwanza Benny Lynch kupigwa kwa nokauti. Ikawa ya mwisho pia, maana hakupanda tena. Alikuwa na miaka 25, umri ambao wengi wetu humu tutakuwa bado tunazungusha bahasha za kuomba ajira. Alijaribu kuomba leseni arudi, madaktari wakakataa.

Miaka minane iliyobaki siipambi. Vita vya pili vikaja na kuondoka. Hela zilikwisha. Alionekana mitaani amevimba, nguo mbovu, na wapo waliokuwa wanamwita wampigie picha za ngumi hewani ili apate kinywaji. Yaani ofa ikageuka, sasa yeye ndiye anayeomba. Wengine, na hawa pia walikuwepo, walimpa chakula na koti na kumpeleka nyumbani bila kumwambia mtu. Tarehe 6 Agosti 1946 alifia hospitali, mapafu yameziba na mwili hauna lishe. Bingwa wa dunia wa uzito mwepesi, aliyeteswa na mizani kwa kuzidi, alikufa kwa kukosa chakula.

Mazishi yake watu walijaa barabarani, wengi wao wanaume wa rika lake.

Gorbals ile nayo haipo. Miaka ya 1950 na 1960 jiji liliamua kuibomoa, wakaweka maghorofa marefu ya zege ambayo nayo hayakukaa sana, mengine yalilipuliwa kwa baruti miaka ya tisini. Baa zilikuwa kwenye kona za yale majengo ya mawe, kwa hiyo zilikwenda nayo. Wazee waliohamishiwa pembeni ya jiji walibaki na hadithi, na hadithi waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya usiku ule Benny alipoingia, saa ngapi, alivaa nini, alisimama upande gani wa kaunta, na nani alikuwa wa kwanza kutoa hela mfukoni.